Anayeumwa magoti hakupungukiwa na imani

UKIMWAMBIA mtu anayeumwa magoti kwa miaka kumi kwamba maumivu yake yanaweza kupungua kwa kufundishwa namna ya kufikiri, kupumua na kupanga kazi zake, atakutazama kwa jicho baya. Na ana haki. Masikioni mwake maneno hayo yana maana moja tu, kwamba huumwi bali unajidekeza. Atakuwa ameshayasikia kwa sura nyingine mara nyingi: kutoka kwa daktari aliyeitazama picha yake ya eksirei akasema haina kitu, kutoka kwa mkwe anayedhani bi mkubwa anakwepa kazi za jikoni, na, hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kwa uwazi, kutoka kwa baadhi ya walimu wa dini ambao wana neno moja jepesi la kumpa kila mgonjwa: subiri.

Hata hivyo, elimu ya leo kuhusu maumivu inasema mambo mawili kwa pamoja, ambayo wengi wetu tunadhani hayawezi kukaa chumba kimoja. La kwanza, maumivu ya mtu huyu ni ya kweli, hata pale picha inapoonesha kidogo. La pili, nafsi yake, yaani hofu zake, mazoea yake, usingizi wake na namna anavyoyaelewa yanayompata, ina mkono katika ukubwa wa maumivu hayo. Sasa swali la kimaadili linakuja hapa: je, inawezekana kumfundisha mgonjwa aitumie nafsi yake dhidi ya maumivu, bila kumtia hatiani kwa sababu anaumwa? Nathubutu kusema inawezekana, lakini kwa sharti kwamba kwanza tuukubali ushahidi wake.

Kabla sijaendelea, tuelewane tunazungumzia nini. Katika Kiswahili cha mitaani karibu maradhi yote ya viungo huitwa baridi yabisi, na wengi huamini yanaletwa na sakafu ya saruji au maji ya baridi ya alfajiri. Kwa hakika haya ni maradhi mengi. Yapo yanayotokana na kulika kwa gegedu, ile tabaka laini inayozikinga ncha za mifupa zisisagane. Hayo ndiyo ya magoti, nyonga na vidole vya mikono, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 walikuwa nayo watu wapatao milioni 528, wengi wao wanawake na watu waliovuka umri wa miaka 55. Yapo yanayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe, ambayo humpata hata kijana, na yasipotibiwa mapema kwa dawa za hospitali huviharibu viungo moja kwa moja. Ipo na jongo, ambayo huletwa na tindikali ya yuriki kuganda ndani ya kiungo mfano wa chembe za chumvi. Nimeyataja kwa sababu sitaki mtu asome makala hii kisha aache dawa. Mwenye maradhi ya kinga hawezi kuyazuia yasile viungo vyake kwa kupumua vizuri. Ninachokizungumzia hapa ni yale maumivu yanayobaki baada ya daktari kufanya kazi yake, na kwa wenye kulika magoti hayo ni mengi, kwa kuwa hadi leo hakuna dawa inayoirudisha gegedu iliyolika ikawa kama zamani.

Katika darsa la kina mama ninalosomesha jioni yupo mama mmoja, mtu mzima wa umri wa kunizaa. Siku moja alinisubiri hadi wenzake wote wakatoka.

"Mwalimu, nina swali, lakini lina aibu kidogo."

"Uliza mama, hakuna aibu katika kutafuta elimu."

"Nikiswali nimekaa kwenye kiti, na huku hospitali wamesema sina kitu, swala yangu ipo?"

Nikamwomba anieleze. Alikwenda hospitali moja, ambayo haina haja ya kutajwa, akapigwa picha ya magoti yote mawili. Akaambiwa kwamba kwa umri wake picha si mbaya, mengine hayo ni ya mawazo, apunguze mawazo. Akaandikiwa diklofenaki akarudi nyumbani. Njiani, ndani ya daladala, akaanza kupiga hesabu yake mwenyewe: kama ugonjwa haupo, basi nani ninayemdanganya kila ninapovuta kiti wakati wa swala? Tangu siku hiyo akarudi kuswali chini. Anasujudu huku machozi yanamtoka, na kunyanyuka kutoka kwenye sijda anashika ukuta. Alikuwa ameacha tarawehe, ameacha na kwenda misibani kwa sababu kule watu hukaa mkekani.

Ndugu msomaji, tazama jinsi sentensi moja ya "ni mawazo tu" ilivyosafiri kutoka chumba cha daktari hadi kwenye msala. Na tazama pia kwamba daktari yule hakusema uongo mtupu. Alikuwa na nusu ya jambo. Ni kweli kwamba picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba. Wapo watu ambao picha za magoti yao zinatisha lakini wanatembea hadi sokoni na kurudi, na wapo wenye picha nzuri ambao hawalali usiku. Jambo hili linajulikana na wataalamu kwa miaka mingi. Kosa liko kwenye hitimisho. Kutokana na picha kutolingana na maumivu, yeye alihitimisha kuwa maumivu hayana uzito, wakati alipaswa kuhitimisha kuwa picha si kipimo cha maumivu.

Maumivu basi hupimwa na nini? Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Canada, Ronald Melzack, na mwenzake wa Uingereza, Patrick Wall, walichapisha nadharia iliyobadilisha mjadala mzima. Walisema kwamba taarifa ya jeraha haipandi kutoka gotini hadi kwenye ubongo kama maji kwenye bomba. Njiani, katika uti wa mgongo, kuna kitu mfano wa lango. Lango hilo huweza kufunguliwa au kubanwa na hisia nyingine za mwili, ndiyo maana mtu akijigonga hukimbilia kupasugua, na vilevile huweza kufunguliwa au kubanwa na ujumbe unaoshuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Vipengele kadhaa vya nadharia ile vimerekebishwa baadaye, lakini msingi wake, kwamba ubongo haupokei maumivu tu bali unashiriki kuyatengeneza, umebaki.

Miaka ishirini kabla ya hapo, daktari mmoja wa Marekani, Henry Beecher, alikuwa akiwahudumia askari katika uwanja wa vita wa Anzio, Italia, mwaka 1944. Aliwahoji zaidi ya askari mia mbili waliojeruhiwa vibaya, akakuta kwamba takriban robo tatu hawakuwa na maumivu makali kiasi cha kutaka dawa. Hawakuwa wamepoteza fahamu. Beecher alieleza kuwa kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka, kwamba sasa anaondoka vitani anarudi kwao. Jeraha hilohilo kwa raia aliyegongwa na gari lina maana ya kupoteza kazi na watoto kukosa ada. Nyama iliyochanika ni ileile, maana yake ndiyo iliyotofautiana, na maumivu yakaifuata maana.

Wapo watakaosema, kama ni hivyo, si ndiyo kusema maumivu ni dhana? La hasha. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwapa dawa bandia watu waliong'olewa meno, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakawapa dawa inayozuia kemikali za asili za mwili zinazotuliza maumivu, na nafuu ile ikapungua. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo imani ya mtu ndiyo iliyomtuliza, imani hiyo ilipita katika mwili, kwa kemikali zinazoweza kuzuiwa kwa sindano. Basi kusema "ni ya kichwani" kana kwamba kichwa si sehemu ya mwili ni maneno yasiyo na mguu wa kusimamia. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilipopitia upya tafsiri yake ya neno maumivu, kiliongeza wazi kwamba kauli ya mtu anayesema anaumwa inapaswa kuheshimiwa.

Kwetu sisi tuliosoma fiqhi jambo hili halipaswi kuwa geni. Wanazuoni wetu wanajua kwamba yapo mambo ambayo hayajulikani ila kwa mwenyewe. Mwanamke akisema hedhi yake imekatika na eda yake imekwisha, katika muda unaowezekana, kauli yake hukubaliwa, wala haitafutwi picha wala mashahidi wanne. Wameyachukua hayo katika aya ya Suratul Baqara (2:228) inayowakataza wanawake kuficha alichokiumba Mwenyezi Mungu katika matumbo yao, wakasema asingekatazwa kuficha kama kauli yake haina uzito. Maumivu yako katika fungu hilohilo. Shahidi wake ni mmoja. Unaweza kumwogopesha shahidi huyo kwa Mwenyezi Mungu ili asiseme uongo, lakini ukimkataa huna mwingine wa kumwita. Na Imran bin Huswein (R.A.) alipomwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa ana bawasiri, aliambiwa aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa aswali kwa ubavu. Hadithi ipo katika Sahihi Bukhari. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliambiwa kwanza athibitishe.

Hilo ndilo nililomjibu yule mama kuhusu kiti. Sasa tuje kwenye lile la pili, kwa sababu kumkubalia mtu maumivu yake kisha kumwacha nayo ni nusu nyingine ya kosa.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wengi wa maumivu sugu wanaishi kwa mtindo mmoja. Wanafanya kazi mpaka maumivu yawasimamishe, kisha wanalala. Chukua mfano wa kwetu. Bi mkubwa anaamka Jumamosi akiwa na nafuu. Anasema leo nimepata, ngoja nimalize yote. Anafua mashuka, anapiga deki, anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi mbili, magoti yamekunjwa saa nzima. Jumapili hadi Jumanne yuko kitandani. Baada ya miezi ya mtindo huo anajifunza somo baya, kwamba kazi ni adui. Anaanza kuacha moja baada ya nyingine, misuli ya mapaja inalegea, na goti lisiloshikwa na misuli linauma zaidi. Fordyce alifundisha kinyume chake: saa ndiyo iamue, maumivu yasiamue. Kama unaweza kusimama jikoni dakika kumi na tano kabla ya kuumia, basi fanya kumi, kaa, kisha rudi, na ufanye hivyo siku ya nafuu na siku ya shida. Wiki hadi wiki unaongeza kidogo.

Ukiyasikia hayo utakumbuka mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Na utakumbuka ile kamba aliyoikuta imefungwa kati ya nguzo mbili za msikiti. Alipouliza, akaambiwa ni ya Bi Zainab, akichoka katika swala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Mimi sisemi kwamba hadithi hizo zilishuka kwa ajili ya magoti. Nasema tu kwamba mtu anayejilazimisha mpaka aanguke asidhani kuwa ndiyo ucha Mungu.

Jambo jingine ni yale mawazo ya usiku. Mwaka 1995 Michael Sullivan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Canada, walitengeneza dodoso la sentensi 13 la kupima namna mtu anavyoyachukulia maumivu yake. Linapima mambo matatu: kuyarudiarudia maumivu moyoni bila kuweza kuyaacha, kuyakuza, na kuona kwamba huna la kufanya. Mwenye alama za juu, kwa kawaida, huumia zaidi na hushindwa kazi zaidi. Nani kati yetu hajui saa tisa ya usiku inavyokuwa? Goti linagonga, na moyo unaanza: likigoma kabisa nitafanyaje, wanangu wana maisha yao, nitarudishwa kijijini, nani ataniogesha. Kufikia alfajiri mtu ameshakufa na kuzikwa akiwa kitandani kwake. Watu hufundishwa kuyakamata mawazo hayo na kuyahoji, wala si kujidanganya kwamba kila kitu ni shwari. Ninajua nini kwa hakika? Mwezi uliopita lilipouma hivi, lilichukua siku ngapi? Nilifanya nini likapoa? Pamoja na hilo hufundishwa kulegeza misuli kiungo kwa kiungo na kupumua taratibu, kwa sababu mwili uliojikaza kwa hofu huumia zaidi. Mwaka 1990 Francis Keefe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwafundisha mambo haya watu wenye kulika magoti, nao wakawa na maumivu machache kuliko wenzao waliopewa maelezo tu kuhusu ugonjwa.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ni wa Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, muuguzi ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 aliendesha mafunzo ya wiki sita kwa wagonjwa wa viungo, saa mbili kila wiki. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha hali ya wanafunzi wao baada ya miaka minne. Maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20. Safari za kwenda kwa daktari zilikuwa zimepungua kwa asilimia 40. Na ulemavu wa mwili ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Isome tena hiyo ya mwisho. Viungo vilizidi kuharibika, kama maradhi haya yanavyofanya, lakini maumivu yakashuka. Lorig na wenzake walipotafuta sababu, waliona kwamba kilichoambatana zaidi na nafuu hakikuwa idadi ya mazoezi ambayo mtu alikuwa ameyafanya. Kilikuwa ni ile imani mpya kwamba ana uwezo wa kufanya jambo juu ya hali yake.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya mnadani, niseme na upande wa pili. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 75 za tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu ya aina mbalimbali, zenye watu zaidi ya 9,000, na ikakuta kwamba faida yake ipo lakini kwa wastani ni ndogo. Ndogo! Hakuna atakayetupa fimbo kwa sababu ya kupumua. Lakini tuilinganishe na nini? Kina mama wengi wananunua diklofenaki dukani kama wanavyonunua chumvi, bila cheti, miaka nenda miaka rudi, na dawa za aina hiyo zikitumiwa hivyo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Faida ndogo isiyotoboa tumbo, kwangu mimi, si ya kudharauliwa.

Hapa ndipo narudi kwenye neno subira, kwa sababu kuna namna ya kulitumia inayofanana kabisa na lile neno la daktari. Mara nyingi katika mawaidha hutolewa kisa cha Urwa bin Zubeir, mjukuu wa Abu Bakr (R.A.) kwa mama yake Asmaa, ambaye wanahistoria wanasimulia kwamba mguu wake ulioza ukakatwa, naye hakupiga kelele. Ni kisa kitukufu. Lakini kinapotolewa mbele ya bibi mwenye magoti, kwa sauti ya "mwenzio alikatwa mguu hakulia, wewe unalialia nini," kimeshageuzwa fimbo. Ya Urwa ilikuwa saa moja kubwa. Ya huyu bibi ni miaka ishirini ya saa ndogo: kuchuchumaa chooni, kupanda daladala, kufungua kifuniko cha chupa, kujigeuza kitandani. Hizo ni subira mbili tofauti.

Na nani aliyesema kuwa subira ni kunyamaza? Nabii Ayyub (A.S.) alimwambia Mola wake kuwa dhara imemgusa (21:83), na pamoja na kusema hivyo Mwenyezi Mungu alimsifu kuwa ni mwenye subira (38:44). Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe (12:84). Bi Aisha (R.A.) alipolalamikia kichwa chake, Mtume (S.A.W.) hakumkemea, alimwambia kuwa yeye pia kichwa kinamuuma. Ayyub mwenyewe, alipokubaliwa dua yake, hakuambiwa akae asubiri maji yaje. Aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake (38:42). Mgonjwa, na bado kuna kitu cha kufanya kwa mguu wake! Nikisoma orodha ya mambo wanayofundishwa wagonjwa wa Lorig, kugawa kazi, kutembea kidogo kila siku, kuhoji mawazo ya usiku, naiona subira iliyofunuliwa ikawa vitendo, na ambayo mtu huhitaji kufundishwa kama anavyofundishwa tajwidi. Hakuna anayemkemea mtoto kwa kutojua tajwidi kabla hajafundishwa.

Hatari ninayoiona ni moja. Elimu hii ikifika kwetu vibaya, itakuwa kisingizio kipya. Jana mgonjwa aliambiwa anaumwa kwa sababu imani yake ndogo. Kesho ataambiwa anaumwa kwa sababu mawazo yake mabaya, hajajifunza "kufikiri vizuri". Mzigo uleule, gunia limebadilishwa. Kwamba mtu anaweza kujifunza kuyapunguza maumivu haina maana kwamba ndiye aliyeyasababisha, kama vile kujua kuogelea hakumfanyi anayezama kuwa ndiye aliyeileta mvua. Na wala mwenye zahanati asije akasema, kwa kuwa mafunzo yapo, dawa na vipimo sasa si lazima.

Baadhi ya ndugu wananiuliza kama hizi si fikra za Wazungu, au mambo ya Mabudha, kwa sababu yapo mazoezi ya utulivu ambayo asili yake ni huko. Anayetaka kuyaacha hayo ayaache, hayana ulazima. Lakini fikra kwamba nafsi na mwili vinaambukizana si ya kuazima. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akiwalaumu matabibu wanaotibu kimoja wakakiacha kingine. Alishauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaumwa, basi aweke akiba ya fikra njema wakati ametulia, ili azikute wakati wa dhiki. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na ni somo lilelile la saa tisa ya usiku.

Kuhusu nyumbani nitasema kwa ufupi. Keefe na wenzake waliyarudia mafunzo yao mwaka 1996, mara hii mke au mume wa mgonjwa akifunzwa pamoja naye, na ikaonekana inafaa. Ukimfanyia mzazi wako kila kitu ukidhani ndiyo kumtendea wema, unamfundisha kwamba hawezi. Ukimwachia kila kitu, unamwambia humwamini. Muulize amepanga kufanya nini leo, kisha mbebee kile kilichozidi.

Yule mama sasa anaswali kisimamo akiwa amesimama, kwa kuwa hilo analiweza, na hukaa kitini kwa rukuu na sijda, kama ilivyo rai ya wanazuoni wengi. Lakini habari za kugawa kazi na kuhoji mawazo hawezi kuzipata kwangu. Mimi ni mwalimu wa dini. Wanasaikolojia nchini ni wachache, na walio wengi wako mijini kwenye hospitali kubwa. Kinachonipa moyo ni kwamba mafunzo ya Lorig hayakuwa yakiendeshwa na madaktari. Yaliendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwanza, wengi wao wakiwa wagonjwa wa viungo wenyewe, katika maktaba, kumbi za wazee na makanisa. Muuguzi mstaafu mmoja wa mtaani, mama wawili watatu wenye magoti, na mtaalamu wa kuwafunza kwa siku chache, wangetosha kuanzia. Chumba tunacho. Darsa letu lina siku tatu kwa wiki, na siku nne zinazobaki, baada ya Alasiri, madrasa imefungwa kwa kufuli.